Gari moja, kazi na nyumbani: daftari lililonigharimu Glenwood

Kila usiku wa mwisho wa Februari, kabla sijalala, natoka nje na tochi kupiga picha kilomita zinazosomeka kwenye dashibodi ya gari. Majirani zangu hapa Glenwood, Durban, wameshanizoea. Mwaka wa kodi wa Afrika Kusini huanza Machi 1 na kumalizika siku ya mwisho ya Februari, na picha ile ndiyo inayofunga hesabu yangu.

Napika biriani na vitafunio vya shughuli. Gereji nimeigeuza jiko la biashara, gari linalala nje. Nalo ni hilo hilo moja, Toyota Corolla ya zamani: linabeba masufuria kwenda Umhlanga na Chatsworth, na linapeleka watoto skuli.

Mwaka wa kwanza nilitia risiti za petroli kwenye mfuko, mwisho nikakisia tu: nusu ya safari ni za kazi. Nikajaza hivyo kwenye fomu. Baada ya miezi nikatakiwa nilete daftari la safari. Daftari gani? Sina! Randi 30,000 nilizozitoa kwenye mapato zikarudishwa zote, na kodi yake nikailipa pamoja na riba. Risiti nilikuwa nazo, wallahi. Lakini risiti inasema umenunua petroli. Haisemi ulikwenda wapi.

Sasa daftari linakaa mlangoni mwa gari. Mamlaka ya kodi, SARS, inataka kuona kilomita za mwanzo wa mwaka na za mwisho, na kwa kila safari ya kazi: tarehe, ulikokwenda, kilomita ngapi, kwa sababu gani. Mwaka jana gari lilitembea kilomita 20,000, na 8,000 zilikuwa za kazi. Hiyo ni asilimia 40. Petroli, bima, sevisi, matairi na leseni vilinigharimu randi 60,000, basi niliruhusika kutoa 24,000. Juu yake kuna uchakavu: bei ya gari inagawanywa kwa miaka 5, na fungu la kila mwaka linakatwa kwa asilimia ile ile. Wengi hudhani serikali inakurejeshea pesa hizo. Hairejeshi, zinapunguzwa kwenye mapato yako kabla kodi haijapigwa.

Kinachosumbua ni safari za mchanganyiko. Kutoka nyumbani kwenda ofisini ni safari yako binafsi, hata ukienda umevaa suti. Mie jiko langu liko nyumbani, kwa hivyo safari ya kwenda kwa mteja ni ya kazi tangu getini. Lakini nikiwashusha watoto skuli kisha nikapitia soko la Victoria Street kununua bizari? Naandika kutoka skuli hadi sokoni na kurudi jikoni. Za skuli naziacha, ingawa roho inauma.

Mpwa wangu anatengeneza AC Dubai, kwa gari lake mwenyewe. Zamani alikuwa akinicheka: "Khalti, huku hatuna mambo hayo." Siku hizi hacheki. Kwenye Falme za Kiarabu, mtu binafsi ambaye mauzo ya biashara yake yanapita dirham milioni 1 kwa mwaka anaingia kwenye kodi ya makampuni: asilimia 9 ya faida inayozidi dirham 375,000. Na huko pia, gharama iliyo nusu ya kazi na nusu ya nyumbani inakubaliwa kwa sehemu ya kazi tu. Oman nayo imeshatoa sheria ya kodi ya mapato ya watu binafsi, asilimia 5 kwa mapato yanayozidi rial 42,000 kwa mwaka, kuanzia 2028. Wengi wetu hatufiki huko, lakini mwenye biashara afadhali ajue.

Juzi kaniomba nimpigie picha ukurasa mmoja wa daftari. Nikampelekea wa Jumamosi: Glenwood hadi Chatsworth, kwenda na kurudi, kilomita 40, biriani ya harusi. Kanijibu: "Khalti, ndo hivyo tu?"