Maziwa Yanapomkataa Mtoto

Katika skimu zetu nyingi maziwa ndiyo fedha ya nyumba, tena ndiyo chakula tunachokikimbilia mtoto akisha kuachishwa ziwa. Kwa hiyo mkulima mwenye ng'ombe wa gredi hushangaa sana akiona mtoto wake mwenyewe amekunywa kikombe kidogo tu, na kabla ya nusu saa kupita midomo imevimba, mwili umetoka mabaka ya kuwasha, na mtoto anatapika. Wengine husema ni jicho la jirani. Wengine humlaumu mama. Si jirani wala si mama. Mtoto huyo ana mzio wa maziwa, yaani askari wa mwili wake wameyadhania maziwa kuwa ni adui, wakaanza vita bila sababu.

Mbona mtoto huyu apatwe na wa jirani asipatwe? Sehemu ya jibu imo ndani ya utumbo.

Wewe mkulima wajua habari za ndama. Akizaliwa, tumbo lake kubwa halifanyi kazi bado. Hunywa dang'a, hulambwa na mama yake, hutafuna nyasi mbili tatu, na kwa njia hiyo vijidudu huingia na kufanya makao, mpaka tumbo liweze kusaga majani. Bila vijidudu hivyo ng'ombe angekufa njaa malishoni. Mwanadamu hana tumbo la namna hiyo, lakini utumbo wake mpana nao umejaa vijidudu vya aina mamia. Mtoto hupata vya kwanza kwa mama yake wakati wa kuzaliwa. Maziwa ya mama nayo huvilisha, kwa maana mna sukari ambazo mtoto mwenyewe hawezi kuzisaga. Ni posho ya vijidudu vyema.

Vijidudu hivyo hulipa kodi ya nyumba. Vingine hutoa asidi iitwayo butireti, jamaa ya ile iliyomo katika siagi, ambayo hulisha ukuta wa utumbo uwe imara, chakula kisipenye ovyo kuingia damuni kabla ya kusagwa. Tena huwafundisha askari wa mwili kutofautisha mgeni na mwizi. Askari wasiofundishwa humpiga kila apitaye.

Jambo hili lilijaribiwa. Mwaka 2019 wataalamu wa Chicago, wakiongozwa na Cathryn Nagler, walitangaza kazi waliyoifanya kwa panya waliolelewa bila kijidudu hata kimoja. Panya wengine walipewa vijidudu vya choo cha watoto wachanga wenye afya, na wengine vya watoto wenye mzio wa maziwa ya ng'ombe. Kisha wote wakazoeshwa protini ya maziwa kwa namna ya kuwaletea mzio. Wale waliopata vijidudu vya watoto wenye afya hawakudhurika. Wale wengine walidhurika vibaya, hata joto la miili yao likashuka. Kijidudu kimoja peke yake, kiitwacho Anaerostipes caccae, kilitosha kuwalinda panya, nacho ni mmoja wa watoaji wa butireti. Lakini panya si mtoto, na dawa ya kumpa mtoto kutokana na kazi hiyo bado haijawa ya kununuliwa dukani.

Vumbi la boma nalo lina kazi yake. Huko Marekani watoto wa Waamishi, ambao hulima kwa farasi na kucheza karibu na mabanda ya ng'ombe, walilinganishwa mwaka 2016 na watoto wa Wahutteri, ambao asili yao ni karibu moja lakini hulima kwa mitambo mikubwa mbali na nyumba. Pumu kwa Waamishi ilikuwa kama robo tu ya ile ya wenzao.

Asije mtu akasema basi maziwa mabichi ni dawa. Maziwa mabichi huleta homa ya maziwa kwa watu na kifua kikuu cha ng'ombe. Yachemsheni. Ukipenda maziwa lala, chemsha kwanza, yapoe, ndipo uyagandishe.

Kwa mtoto mchanga, miezi sita ya kwanza ni maziwa ya mama peke yake. Baadaye ugali na uji uambatane na maharagwe, viazi vitamu na sukuma wiki, maana nyuzinyuzi zake ndizo vijidudu huzila. Dawa za kuua vijidudu hazichagui baya na jema. Zinywe kwa agizo la mganga wa hospitali tu. Chupa ya sindano za ng'ombe iliyobaki si ya mtoto mwenye mafua, na maziwa ya ng'ombe aliyedungwa yasikamuliwe kwa chakula mpaka siku alizotaja Bwana Mifugo zimekwisha.

Na mtoto ambaye maziwa yamemkataa? Usimjaribu kwa maziwa ya mbuzi, kwa maana wengi hudhurika nayo vilevile. Mama asiache kunyonyesha. Aulize zahanati kama yeye mwenyewe apumzike kunywa maziwa. Watoto wengi huponywa na umri, lakini siku ya kujaribu tena ichaguliwe na daktari. Akianza kukoroma kifuani, kuvimba ulimi au kulegea, mpelekeni hospitali saa ile ile, hata kama ng'ombe hawajakamuliwa.