Je, Wajua? Taa nyekundu, panya wa Budapest na vipara vya Ngara

Mwenye simu na bando, awe Kabanga au Nyakanazi, huenda ameshakutana nazo: kofia na vitana vyenye vitaa vyekundu, vinavyosifiwa kwamba vinaotesha nywele. Kabla hujauza mbuzi, soma hapa.

Je, wajua kwamba tiba hii ilizaliwa kwa bahati? Mwaka 1967, daktari Endre Mester wa Budapest, Hungaria, alinyoa migongo ya panya akaimulika kwa leza. Hofu yake ilikuwa saratani. Saratani haikutokea, ila panya waliomulikwa wakaota manyoya upesi kuliko wenzao. Leza yenyewe ilikuwa na umri wa miaka 7 tu. Ya kwanza iliwashwa Marekani mwaka 1960 na Theodore Maiman.

Leza ya vitana hivi haichomi. Ukiweka kiganja chini yake huhisi kitu. Wataalamu wengi wanadhani mwanga wake hunyonywa na mitokondria, yaani vile viwanda vidogo vya nishati ndani ya seli, na mzizi wa unywele uliolala ukaamka. Wanadhani, nasema.

Wekundu wake una wimbi la nanomita 655 hivi. Ungepanga mawimbi 100 ya namna hiyo kwa mstari, yangetosha kukatiza upana wa unywele mmoja.

Je, wajua nguvu ya mwale mmoja? Kwa kawaida haizidi miliwati 5. Mtambo wa umeme wa maporomoko ya Rusumo, pale Ngara inapopakana na Rwanda, una megawati 80, nazo zinagawanywa sawa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi. Kwa hesabu za kwenye karatasi, Rusumo nzima ingewasha miale bilioni 16: kila binadamu duniani miwili, hata mwenye nywele zake.

Mwaka 2007 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, iliruhusu kitana cha leza cha HairMax kiuzwe kwa wanaume. Wanawake wakafuata 2011. Ruhusa ya namna ile hutolewa kwa chombo kinachofanana vya kutosha na vingine vilivyokwisha kuwa sokoni. Muuzaji akikwambia "kimethibitishwa Marekani kama dawa", amekuongezea chumvi.

Je, kinafanya kazi? Kwa upara wa kurithi, kiasi fulani ndiyo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 uliwafuata watu kwa wiki 26, wengine wakipewa kitana cha bandia bila kujua. Wanawake waliopata leza ya kweli waliongeza nywele kama 20 katika kila sentimita mraba. Wa bandia, kama 3. Ukiacha kutumia, upara hurudi palepale ulipokuwa ukielekea.

Sasa hapa ndipo pa kukaza macho. Mwaka 1975 daktari Thomas Fitzpatrick wa Harvard alipanga ngozi za watu kwa jinsi zinavyoungua juani. Alianza na aina 4, zote za ngozi nyeupe! Ngozi ya kahawia na nyeusi, aina ya 5 na ya 6, ziliongezwa baadaye. Ile ruhusa ya HairMax inataja aina ya 1 hadi ya 4. Mhangaza wa Rulenge na Msubi wa Biharamulo, kwa wengi wao, ni aina ya 5 na ya 6. Hii haina maana kwamba mwanga utawadhuru. Ina maana kwamba kipimo kilichukuliwa kwenye vichwa vya watu wengine. Bei, hata hivyo, haina ubaguzi.

Mba? Leza si dawa yake.

Je, wajua kwamba homa kali, kama ya malaria, inaweza kunyonyoa nywele miezi miwili au mitatu baada ya mgonjwa kupona? Mama aliyejifungua naye hukumbwa na jambo hilohilo. Nywele hizo kwa kawaida hurudi zenyewe. Aliyenunua kofia ya leza mwezi ule atakuapia kwamba kofia ndiyo iliyomponya.

Twende kilioni, yeboyebo, rasta nzito: msuko ukikaza mpaka nyusi zinapanda, nywele za kipajini hung'oka kidogo kidogo. Mapema, dawa ni kumwambia msusi alegeze. Ukichelewa, ngozi hupata kovu na kung'aa, na mzizi ukishakufa hakuna taa ya kuuamsha.

Ukiamua kununua, jua wa kumuuliza: mafuta ya nywele yanasimamiwa na TBS, shirika la viwango. Kifaa cha tiba ni kazi ya TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, iliyokuwa ikiitwa TFDA hadi 2019. Uliza namba ya usajili kabla ya kuuliza bei.

Na yule mtoto wa shule mwenye mabaka yasiyo na nywele? Huyo huenda ana mapunye. Ni fangasi, nao hujificha ndani ya unywele wenyewe, ndiyo maana mafuta ya kupaka peke yake hayamponyi. Anahitaji vidonge kama griseofulvin, kwa wiki kadhaa, kutoka kituo cha afya. Kinyozi naye apanguse mashine yake kwa spiriti kabla mwingine hajakaa kwenye kiti.