Fahamu: Maumivu ya uso yanayopiga kama umeme

Asubuhi ya Julai mjini Likasi, upepo wa kiangazi unakata. Kwa mwenye maumivu ya neva ya trijemina, upepo huo ukimgusa shavuni akiwa nyuma ya pikipiki unatosha kuleta mpigo kama wa umeme: sekunde chache tu, lakini machozi yanamtoka. Kupiga mswaki, kunawa, hata kutafuna tonge la bukari huweza kuamsha mpigo huo.

Wengi hukimbilia kwa daktari wa meno. Jino zima linang'olewa, maumivu yanabaki palepale. Shida iko kwenye neva inayopeleka hisia za uso kwenye ubongo. Chanzo kimoja ni ugonjwa wa multipo sklerosisi, ambao kwa Kifaransa cha hospitalini ni sclérose en plaques: kinga ya mwili hushambulia ala ya mafuta inayofunika nyuzi za neva. Ni kama waya uliochunika. Mgonjwa akiwa kijana, maumivu yakiwa pande zote mbili, au jicho likififia, ugonjwa huu ushukiwe.

Parasetamoli haifui dafu. Dawa ya kwanza ni karbamazepini, ileile ya kifafa. Huanzwa kidogo kidogo, huleta kizunguzungu, hupunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango, na isikatwe ghafla. Kumwona daktari wa neva huenda kukadai safari ya Lubumbashi, kilomita zipatazo 120. Njiani, kitenge kifunike shavu.