Ziwa Likiumwa, Kibarua Ndiye wa Kwanza Kutolewa Getini



Watu wakitaja maajabu ya dunia hutaja theluji ya Kilimanjaro. Sisi wa Jinja tunalo ajabu letu, ila tumelizoea mno hata tunafulia nguo humo. Ziwa Victoria lina kilometa za mraba zipatazo 68,800, la pili duniani kwa ukubwa kati ya maziwa ya maji baridi. Lakini kina chake ni kama mita 80 tu. Ni sahani pana, si chungu, na uchafu ukiingia hauna pa kujificha.

Ajabu kubwa zaidi lilikuwa chini ya maji. Wataalamu wanasema ziwa lilikauka miaka kama 15,000 iliyopita. Maji yaliporudi wakatokea furu wa aina zipatazo 500, kila aina na kazi yake kama idara za kiwanda: hawa wala konokono, hawa wala mwani, wengine wala vitoto vya furu wenzao (hao hatuwasifu). Miaka ya 1950 na 1960 sangara akatiwa ziwani. Kufika miaka ya 1980 alikuwa ameenea kote, na aina nyingi za furu, pengine 200, hazikuonekana tena.

Hata hivyo, sangara amejenga viwanda vya minofu Jinja, Entebbe, Kisumu na Mwanza, akalipa karo za watoto wengi. Mimi nami nilikuwa kibarua wa meza ya kukata minofu mwaka 1999. Mwaka huo wavuvi wengine walimwaga ziwani dawa ya kuulia wadudu wa mashambani, ili samaki wafe wakusanywe upesi. Nchi za Ulaya zikakataa samaki wa ziwa letu. Asubuhi moja msimamizi akasimama getini akasoma majina ya watakaobaki. Langu halikuwamo. Hapakuwa na notisi wala malipo, maana kibarua ni mtu wa siku. Aliyemwaga dawa sikumjua, na mwenye kiwanda hakulala njaa. Soko lilifunguliwa tena mwaka 2000, lakini wenzangu wengi walikuwa wamekwisha rudi vijijini.

Ndiyo maana hunikera kiongozi wa tawi anaposema mazingira ni mambo ya watalii.

Kwa sheria za Uganda, sangara aliye chini ya sentimeta 50 haruhusiwi kuvuliwa. Kuanzia mwaka 2017 wanajeshi walichoma mitumbwi na nyavu haramu za watu maskini. Lakini samaki mchanga akiingia kiwandani, wa kwanza kumwona ni mfanyakazi wa mizani. Akisema leo, kesho hana kazi. Basi katika mkataba wetu na waajiri tudai kifungu hiki: mfanyakazi anayekataa kupokea samaki mchanga, au anayetoa habari kwamba maji machafu yanamwagwa ziwani bila kusafishwa, asifukuzwe. Na vibarua wahesabiwe humo.

Wenzetu wa miwa na chai nao wadai mahali pa kuoshea mabomba ya kunyunyizia dawa, mbali na mto. Mto huo huo ndio wanaoteka maji ya kupikia.

Mkutano ujao wa tawi, naomba jambo hili liwe mbele ya suala la sare. Sare tumezijadili mara nne.