Gharama za Uundaji na Bei ya Kadi za Michoro: Mfano wa Mwaka wa 2008

Aghalabu mnunuzi wa tarakilishi hudhani kwamba bei ya kifaa hupatikana kwa kujumlisha gharama za kukiunda, kisha faida ikaongezwa juu yake. Dhana hii ina ukweli kiasi, lakini haitoshelezi katika soko la kadi za michoro, yaani vile vibao vinavyochomekwa ndani ya tarakilishi ili kuchora picha za michezo, filamu na usanifu kwenye kiwambo. Katika soko hili, bei huweza kuporomoka kwa majuma machache ilhali gharama za kuunda hazijabadilika hata kidogo. Jambo ambalo gharama huamua ni nani atakayeweza kuustahimili mporomoko huo. Makala haya yanafafanua suala hili kwa kurejelea ushindani wa kampuni za NVIDIA na AMD katikati ya mwaka wa 2008.

Kiini cha gharama ni chipu. Chipu huchorwa juu ya sahani ya silikoni, ambayo ni duara jembamba lenye kipenyo cha milimita 300. NVIDIA husanifu chipu lakini haina kiwanda cha kuziunda. Kazi hiyo huikabidhi kampuni nyingine, hasa TSMC ya Taiwan, iliyoasisiwa mwaka wa 1987. AMD nayo iliziunda chipu zake za michoro papo hapo TSMC. Kwa hivyo washindani hawa wawili walikuwa wakipika katika jiko moja, na tofauti ya gharama zao haikutokana na ustadi wa mpishi. Ilitokana na ukubwa wa kipande ambacho kila mmoja alitaka kikatwe.

Atakayelielewa jambo hili upesi ni mpishi wa mandazi. Donge la unga likisukumwa likawa duara, kisha likakatwa vipande vya mraba, pembezoni hubaki makombo yasiyotimiza umbo. Vipande vikiwa vikubwa, makombo huwa mengi; vikiwa vidogo, hupungua. Fauka ya hayo, iwapo unga una chembe za mchanga, kila chembe huharibu andazi ilimoangukia. Aliyekata makubwa hupoteza unga mwingi kwa kila chembe, hali aliyekata madogo hupoteza kidogo. Tofauti ni kwamba mpishi huweza kuyakanda makombo upya. Silikoni haikandwi.

Chipu ya NVIDIA iliyoitwa GT200, iliyokuwa moyo wa kadi ya GeForce GTX 280, ilikuwa na ukubwa wa milimita 576 za mraba na transista bilioni 1.4. Chipu ya AMD, RV770, ilikuwa na milimita 256 za mraba na transista milioni 956. Kwa hesabu ya kijiometria, sahani moja hutoa takribani chipu 95 za aina ya kwanza na 235 za aina ya pili. Ichukuliwe, kwa mfano tu, kwamba sahani ina kasoro 60 zilizotapakaa ovyo. Kanuni za uwezekano zinaonyesha kwamba chipu kubwa zitakazosalimika zitakuwa kama 58, na ndogo kama 189. Maadamu sahani hulipiwa nzima, kila chipu kubwa iliyo salama itakuwa imegharimu zaidi ya mara tatu ya ile ndogo, ingawa ukubwa wake ni mara mbili na robo tu. Gharama haziandamani na ukubwa hatua kwa hatua; huukimbilia mbele.

Watengenezaji wana njia ya kupunguza hasara hii. Chipu ya michoro huundwa kwa vitengo vingi vinavyofanana, hivi kwamba kitengo kimoja kikiwa na dosari, huzimwa na vingine vikaendelea kufanya kazi. GT200 ilikuwa na vichakato 240. Zile zilizopatikana na kasoro zilibakizwa na vichakato 192, zikauzwa katika kadi ya bei nafuu zaidi, GTX 260. Mnunuzi wa kadi ya pili kwa ubora, basi, mara nyingi hununua kipande kilichonusurika jaani, na hakuna ubaya wowote katika jambo hilo.

Chipu si gharama pekee. GTX 280 ilitumia njia ya kumbukumbu yenye upana wa biti 512, iliyohitaji vipande 16 vya kumbukumbu kwenye kibao. Nyaya zote hizo sharti zipitie kingoni mwa chipu, kwa hivyo njia pana yenyewe huilazimisha chipu kuwa kubwa, na kibao nacho kuwa tata zaidi. Radeon HD 4870 ya AMD ilitumia njia ya biti 256 na vipande 8 tu, lakini vya aina mpya ya GDDR5 iliyosafirisha data kwa kasi zaidi kuliko GDDR3 ya mshindani wake. Tena chipu kubwa hula umeme mwingi, na umeme mwingi huhitaji kipoza joto kikubwa. Gharama moja huzaa nyingine.

Mnamo Juni 2008, NVIDIA ilizindua GTX 280 kwa dola 649 na GTX 260 kwa dola 399. Siku chache baadaye, AMD ikaleta HD 4870 kwa dola 299 na HD 4850 kwa dola 199. HD 4870 iliweza kukabiliana na GTX 260 bila kuaibika, na hata kuishinda katika baadhi ya michezo. GTX 280 ilibaki kuwa na kasi zaidi, lakini wachache waliona sababu ya kulipa zaidi ya maradufu kwa tofauti ile. Mwezi wa Julai, NVIDIA ilishusha GTX 280 hadi dola 499 na GTX 260 hadi dola 299.

Sahani za TSMC hazikuwa rahisi zaidi Julai kuliko Juni. Bei iliamuliwa na mshindani, nayo NVIDIA ikalazimika kuuza chipu ya milimita 576 za mraba kwa bei ile ile ambayo AMD ilikuwa ikiuzia ya milimita 256. Mmoja alibakiwa na nafasi ya kupumua, mwingine akabanwa. Inafaa kukumbukwa pia kwamba hapakuwa na njia ya kujinasua kwa haraka, kwani usanifu wa chipu huchukua miaka. Uamuzi wa AMD wa kuunda chipu ya wastani ulianza kujadiliwa hata kabla ya kampuni hiyo kuinunua ATI mwaka wa 2006, wakati ambapo ilionekana kama kukimbia vita. NVIDIA ilipata nafuu kwa kuiunda upya chipu yake katika teknolojia ya nanomita 55, na hiyo ndiyo iliyotumiwa katika GTX 285 ya Januari 2009.

Kwa miaka mingi, teknolojia mpya ilimaanisha transista ndogo na za bei nafuu zaidi. Nafuu hiyo imefifia. Septemba 2022, mkuu wa NVIDIA, Jensen Huang, aliwaeleza wanahabari kwamba sahani za silikoni zimekuwa ghali mno, na kwamba matarajio ya chipu kuzidi kushuka bei yamepitwa na wakati. Kauli ya muuzaji kuhusu bei yake haina budi kupokelewa kwa tahadhari, lakini hii ina msingi. RTX 4090 ya mwaka huo ilitumia chipu ya takribani milimita 608 za mraba, inayokaribiana na GT200, lakini yenye transista bilioni 76.3, na ikauzwa kwa dola 1,599. Hata katika kadi hiyo ya kileleni, vichakato 16,384 tu kati ya 18,432 ndivyo vilivyowashwa. Hata hivyo, gharama haziwezi kubebeshwa mzigo wote wa bei hiyo, kwa kuwa hapakuwa na mshindani aliyeweza kuifikia kasi yake.

AMD ilirudia hila yake ya zamani kwa sura mpya. Katika Radeon RX 7900 XTX ya Desemba 2022, chipu ilipasuliwa: sehemu ya kukokotoa ikaundwa katika teknolojia ghali ya nanomita 5, na sehemu za kumbukumbu zikatengwa katika vipande sita vidogo vya nanomita 6, kisha vyote vikaunganishwa. Bei yake ilikuwa dola 999, dhidi ya dola 1,199 za RTX 4080. Safari hii NVIDIA haikuharakisha. Ilikuwa Januari 2024 ndipo ilipoleta RTX 4080 Super kwa dola 999.