Muda Unavyopimwa na Fahamu ya Binadamu

Binadamu ana jicho la kupokea mwanga, sikio la kupokea sauti na ngozi ya kupokea joto na mguso, lakini hana kiungo chochote kilichoumbwa kupokea muda. Na hata hivyo hujua, bila kutazama saa, kwamba mvua imenyesha kitambo kirefu au kwamba mgeni hakukaa sana. Saikolojia, yaani elimu ya nafsi na mwenendo wa binadamu, inaeleza kwamba muda unaohisiwa hujengwa na ubongo wenyewe kutokana na mabadiliko unayoyapokea, uangalifu unaoyapa mabadiliko hayo, na kumbukumbu zinazobaki baadaye.

Hata wakati uliopo ni zao la kazi hiyo. Mtu akiguswa puani na kwenye kidole cha mguu kwa wakati mmoja, huhisi miguso yote miwili pamoja, ingawa taarifa ya mguuni husafiri njia ndefu zaidi katika mishipa ya fahamu kabla ya kufika kichwani. Mwanasaikolojia wa Marekani William James alieleza katika kitabu chake kikubwa cha mwaka 1890 kwamba wakati uliopo, kama unavyohisiwa, una upana wake, na ndiyo sababu wimbo husikika kama wimbo badala ya sauti zilizotawanyika. Karne nyingi kabla yake Augustino wa Hippo, askofu aliyezaliwa mwaka 354 katika nchi ambayo leo ni Algeria, alikwisha kufundisha katika Maungamo yake kwamba yaliyopita yamo katika kumbukumbu, yajayo yamo katika matarajio, na yaliyopo yamo katika uangalifu wa nafsi.

Ushahidi ulio wazi zaidi ulipatikana chini ya ardhi. Mwezi Julai 1962 Michel Siffre, mwanajiolojia wa Ufaransa mwenye umri wa miaka 23, aliingia katika pango la Scarasson kwenye milima ya Alps, mahali penye barafu na unyevunyevu, bila saa, bila kalenda na bila mwanga wa jua, akiwa na simu ya waya ya kuwaarifu wenzake waliobaki juu kila alipoamka, alipokula na alipotaka kulala, nao walikuwa wameagizwa wasimwambie kamwe ni saa ngapi. Alipotolewa tarehe 14 Septemba aliamini kwamba ilikuwa tarehe 20 Agosti, kwa hiyo siku 25 zilikuwa zimepotea katika hesabu yake. Alipojaribu kuhesabu kutoka 1 hadi 120 kwa mwendo wa namba moja kila sekunde, kazi ya dakika mbili, alitumia takriban dakika tano. La kustaajabisha ni kwamba mwili wake haukupotea hivyo: mzunguko wake wa kulala na kuamka ulizidi saa 24 kwa kiasi kidogo tu, kwa sababu saa ya mwili, inayoongozwa na fungu dogo la seli ndani ya ubongo, huendelea kufanya kazi hata gizani. Kilichoshindwa ni hesabu ya fahamu, ambayo katika giza lisilobadilika, siku zikifanana zote, haikupata alama ya kushika.

Hapa inapasa kutenganisha muda unavyohisiwa ukipita na muda unavyokumbukwa ukiisha kupita, kwani aghalabu viwili hivi hupingana. Mgonjwa anayesubiri kuitwa hospitalini huiona saa moja kuwa ndefu mno kwa sababu uangalifu wake wote umegeukia muda wenyewe, lakini baada ya wiki saa hiyo huwa imenywea, maana hapakuwa na tukio la kukumbuka. Safari ya kwanza katika mji mgeni hupita upesi, kisha ikakumbukwa kana kwamba ilikuwa ndefu. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2007, mtafiti David Eagleman na wenzake waliwaangusha watu wavuni kutoka urefu wa mita 31, nao wakakadiria anguko lao kuwa refu kwa asilimia 36 kuliko walivyokadiria maanguko ya wengine, ingawa macho yao hayakuweza kusoma tarakimu zilizomweka upesi kuliko kawaida. Urefu huo, basi, ulitoka katika kumbukumbu iliyoshonana. Watu wazima wanaolalamika kwamba miaka inakimbia huenda wanalalamikia jambo hilo hilo, kwa kuwa mambo mapya hupungua kadiri umri unavyosonga.

Ndipo unapofaa uzingativu, yaani kuelekeza uangalifu kwa makusudi kwenye kinachotokea sasa bila kukimbilia kukihukumu. Asili yake ni taamuli ya Wabuddha, ingawa Mwislamu anayetafuta khushuu katika swala, moyo wake ukihudhuria kila neno analolisoma, si mgeni wa nidhamu ya namna hiyo. Mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn aliiingiza taamuli katika tiba kwenye Chuo Kikuu cha Massachusetts, kwa mafunzo yaliyowalenga wagonjwa wenye maumivu sugu. Haja ya uzingativu si ndogo: watafiti Matthew Killingsworth na Daniel Gilbert, waliowauliza watu wazima 2,250 kwa njia ya simu za mkononi na kuchapisha matokeo mwaka 2010, waligundua kwamba mawazo yalikuwa yakitangatanga katika karibu asilimia 47 ya nyakati walizoulizwa, na kwamba katika nyakati hizo furaha yao ilipungua.

Thamani ya nidhamu hii ni kubwa zaidi kwa wale ambao hawawezi kujinunulia mambo mapya kwa safari, kama mlinzi wa usiku au mshonaji anayekalia cherehani ile ile mwaka mzima. Zoezi moja la mafunzo ya Kabat-Zinn humtaka mwanafunzi ale zabibu kavu moja polepole, akiitazama mikunjo yake, akiinusa na kuisikia ulimini kabla ya kuimeza. Na zoezi hilo linaweza kufanywa vilevile kwa tende moja, kwa kipande cha muhogo, au kwa kitambaa kinachopita chini ya sindano.