Maji, kinga na miguu: siku wamama tulipoingia katika triatlo

Wiki hii hatuandiki juu ya sabuni wala juu ya likelemba. Tunaandika juu ya jambo ambalo wengi wenu mlicheka mliposikia, na mlikuwa na haki ya kucheka: sisi walimu watatu, wote wamama wa watoto, tuliingia katika mashindano ya triatlo hapa Wamaza.

Neno ni la kigeni, lakini maana yake ni nyepesi. Ni mashindano matatu yanayofuatana bila pumziko: kwanza kuogelea, kisha kupanda kinga, mwisho kukimbia. Saa haisimami. Hata dakika unazopoteza ukitafuta kiatu zinahesabiwa. Maji yanawekwa mbele kwa akili, kwa sababu mtu aliyechoka kwenye njia anaweza kukaa chini ya mti, lakini aliyechoka ndani ya maji hana pa kukaa.

Tuseme kwanza sababu, maana kuna waliosema kwamba walimu wanacheza wakati watoto wanangoja kusoma. Masika iliyopita mtoto mmoja wa mwaka wa tano alikwenda kuteka maji na wenzake, akateleza. Wamama kumi na mmoja walikuwa pale wakifua nguo. Wawili kati yetu tulikuwa katika hao kumi na mmoja. Hakuna hata mmoja aliyejua kuogelea. Tulipiga kelele mpaka vijana wakatoka shambani mbio, na walipomtoa ilikuwa imechelewa. Jina lake hatuliandiki. Mama yake anasoma karatasi hii kila wiki.

Tumezaliwa katikati ya maji. Luama iko kwetu, Lualaba iko kule mbele, na vijito havihesabiki. Watoto wetu wanavuka kwenda shuleni, sisi tunavuka kwenda shambani, tunafua, tunaloweka mihogo. Lakini mwanamke wa kwetu anajua maji mpaka kwenye magoti tu. Shirika la Afya Duniani, OMS, linasema kwamba mwaka 2021 watu karibu 300.000 walikufa maji duniani, na karibu mmoja kwa kila wanne alikuwa mtoto wa chini ya miaka mitano. Tuliposoma hesabu hiyo hatukushangaa. Tulishangaa kwamba kwetu hakuna anayefundisha.

Vijana wa michezo walipotangaza siku ya mbio za kinga na za miguu, tulikwenda kuwaomba waongeze maji. Mmoja wetu alikuwa amesikia habari za Rubavu, ule mji wa Rwanda ulio kando ya Goma, kwenye ziwa Kivu. Pale, Agosti 2022, yalifanyika mashindano makubwa ya triatlo: kilometa 1,9 ndani ya ziwa, 90 juu ya kinga, na 21,1 kwa miguu. Kivu halina mamba, basi watu wanaogelea bila kuangalia nyuma. Sisi tuna mamba na viboko katika mito mikubwa, kwa hiyo mto tuliukataa siku ya kwanza. Tulichagua bwawa la samaki la jamaa moja, ambapo maji yanaingia upande mmoja na kutoka upande mwingine, na mtu mzima akisimama yanamfika kifuani.

Hata bwawa lina hatari yake. Konokono wa kichocho wanapenda maji yaliyolala na majani ya pembeni. Muganga wa kituo cha afya alitushauri tukate majani yote kandokando, na akatuambia kwamba mtu akiona damu katika mkojo au choo aende kupimwa bila kungoja. Dawa yake ipo, inaitwa praziquantel, na inatolewa kwa kufuata uzito wa mtu. Msinunue sokoni na kumeza kwa kukisia.

Mwalimu wetu wa maji alikuwa bibi mmoja aliyezaliwa kando ya Lualaba, upande wa Nyangwe, katika jamaa ya Wagenia. Wagenia ni watu wa mtumbwi tangu zamani, na bibi huyu aliolewa huku kwetu akiwa na elimu ambayo kwa miaka arobaini hakuna aliyemwomba. Sisi tuna diploma ya ISP, tunajua kuandaa somo, lakini yeye alitupita. Hakuanza na mikono wala miguu. Alianza na kupuliza. Uso ndani ya maji, puliza, inua. Siku tatu tulipuliza tu. Kisha akatulaza chali, mkono wake chini ya mgongo, akasema: “Mama Mwalimu, usipigane nayo. Unayabana kama mtu anayekudai.” Siku mkono wake ulipotoka na sisi tukabaki juu, mmoja wetu alilia. Hatutasema nani.

Juu ya nguo maneno yalikuwa mengi, na tuyaseme wazi. Kikwembe kikilowa kinakuwa kizito na kinafunga miguu. Wamama wanaoanguka majini wanazama upesi kwa ajili hiyo pia. Tulivaa kaputula ndefu na tiriko, wanaume wakaombwa wakae mbali na bwawa, na wale wenye kufunika kichwa walifunika. Mume mmoja alisema hataki kusikia habari ya mke wake juu ya kinga. Tulimwuliza mawese yake yanafika Kasongo juu ya nini. Alinyamaza siku mbili, kisha akaleta kinga yake mwenyewe, matairi yamejaa upepo.

Siku yenyewe zilikuwa timu sita. Triatlo inaruhusu mtu mmoja kufanya yote matatu, au watu watatu kugawana, kila mmoja sehemu yake. Sisi tuligawana. Hatua zetu zilikuwa fupi: kuvuka bwawa mara mbili, kilometa tano juu ya kinga, mbili kwa miguu. Badala ya namba tulipeana kitambaa chekundu, na mwenye kupanda kinga haruhusiwi kuondoka mpaka akifunge mkononi.

Mwenzetu wa maji alivuka mara ya kwanza vizuri kabisa. Mara ya pili, katikati, akasimama. Maji yalikuwa kifuani tu, hakuna hatari, lakini tuliuona uso wake na tukajua anakumbuka nini, kwa sababu sisi pia tulikuwa tunakumbuka. Timu zingine zilipita. Bibi hakupiga kelele. Aliingia na nguo zake, akasimama hatua tatu mbele yake, akaanza kupuliza maji kama mtoto. Mwenzetu akacheka, akajilaza, akamaliza kwa mgongo. Tulikuwa wa mwisho.

Kwenye kinga nyororo ilitoka mara moja, karibu na mlima, na watoto wa shule wakasimama njiani kuangalia mwalimu wao akiirudisha kwa vidole vyenye mafuta. Kwa miguu tulipita timu moja, ya vijana, ambao walikuwa wamekula wali mwingi asubuhi. Basi tukafika wa tano kati ya sita. Anayetaka kucheka acheke, kitambaa tunacho.

Tuongeze habari moja ya mbali, kwa wale wanaosema kwamba michezo hii si ya wanawake. Mashindano maarufu ya Hawaii, yale ya kuogelea kilometa 3,8, kinga 180 na mbio 42, yalianza mwaka 1978 na wanaume kumi na watano. Mwaka uliofuata aliingia mwanamke mmoja, Lyn Lemaire, akafika mpaka mwisho. Mwaka 1982 Julie Moss alikuwa mbele ya wanawake wote, akaanguka karibu na mwisho, mwenzake akampita, naye akamaliza kwa kutambaa. Na triatlo ilipoingia katika Michezo ya Olimpiki kule Sydney mwaka 2000, mashindano ya kwanza kukimbiwa yalikuwa ya wanawake, na Brigitte McMahon wa Uswisi akashinda.

Sasa yale ambayo kila mama anaweza kuyafanya hata kama haingii bwawani. Pale mnapofulia, wekeni kamba ndefu na bidoni tupu ya lita ishirini, kifuniko kimefungwa vizuri. Bidoni hiyo inaelea na inamshika mtu juu. Mtoto akianguka, mtupie bidoni, mtupie kamba, nyosha fimbo, lakini usiruke kama hujui, maana tutazika wawili. Akitolewa, usimning'inize kichwa chini na usimkande tumbo, unapoteza wakati. Kama hapumui, mlaze chali, inua kidevu, ziba pua, mpulizie mdomoni mara tano, kisha bonyeza katikati ya kifua kwa nguvu mara thelathini, mpulizie mbili, rudia, huku mwingine anakimbia kuita muganga. Siku ile hatukujua hata moja ya haya. Mtoto tulimshika miguu, tukamtikisa.

Bibi amekubali kuendelea kila Alhamisi saa tisa, wasichana wa kuanzia miaka minane pamoja na mama zao. Leteni kaputula, kitambaa cha kujipangusia, na kila nyumba kijiko kimoja cha chumvi au kikombe cha mchele kwa ajili ya bibi, kwa sababu hataki franka.

Alhamisi iliyopita tulikuwa kumi na tisa. Wa mwisho kufika alikuwa mama wa yule mtoto. Alikaa kwenye nyasi muda mrefu, hatukumwita. Karibu na saa kumi na moja alivua viatu, akamshika mkono binti yake mdogo, wakaingia mpaka magotini.